Mawe ya Mazoezi

Jumamosi sokoni Kitale, mwanamume mwenye buti mpya alitua begi zito mbele ya mama muuza mahindi, akaomba mchango. Yeye na wenzake watapanda Mlima Elgon kuchangisha pesa za wadi ya kujifungulia.

“Na hiyo begi umebeba nini?”

“Mawe, mama. Ya mazoezi.”

“Ati mawe? Na mahindi yangu iko hapa?”

Mama akamwaga mawe, akajaza mahindi, kisha akaelekeza kwa mdomo mashine ya kusaga, kule juu kilimani. “Rudi na unga, nitachanga.”

Alirudi mweupe hadi nyusi. Mama akachanga.

Juzi nilikuta timu nzima imepiga foleni kwake, mabegi wazi yakisubiri mahindi, na yale mawe yameshikilia turubai lake lisipeperuke. Mlima bado hawajaupanda, lakini mama ameshafika kileleni.