Siku Tano za Kulipa

Mdogo wangu wa kike alivunja ungo akiwa na miaka kumi na tatu. Mimi nilikuwa na kumi na tano, na bado. Mama alimpa doti mpya ya leso na kumwita somo aje kumfunda, nami nikatumwa sukari ya wageni. Nilimwonea kijicho, sifichi.

Ramadhani ndiyo iliyonimaliza. Nyumbani kwetu Wiyoni, mwanamke aliye hedhini hula jikoni nyuma ya pazia, wanaume wasimwone. Mdogo wangu aliingia humo na mahamri yake, kajitia utu uzima. Mimi nilifunga zote thalathini, majirani wakanisifu ucha Mungu. Walisifu pia kimo changu na ngozi isiyojua chunusi. Eti walitamani kuwa kama mimi.

Mwaka uliofuata nikadanganya kwamba niko mwezini, nikaingia nyuma ya pazia. Mdogo wangu, naye siku zake zimemkuta, akanisogezea hamri moja. Siku tano nilikula mchana wa Ramadhani, mzima wa afya, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Nilipofika kumi na saba nikatokwa na uvimbe kinenani, mama akanipeleka hospitali Mombasa. Baada ya vipimo, daktari, mwanamke mpole, alitueleza polepole. Nina kromosomu za X na Y, kama wanaume. Uvimbe ule ulikuwa korodani, na tumbo la uzazi sina. Korodani hutoa homoni ya kiume, lakini jeni inayotengeneza kipokezi chake ina hitilafu, kwa hiyo seli zangu haziisikii. Sehemu ya homoni hiyo mwili huigeuza kuwa ya kike, ndiyo maana nina matiti.

"Kwani nimezaa mwana mume?" mama akauliza.

"Umezaa msichana," daktari akajibu. "Ila hatapata hedhi, wala hatabeba mimba."

Akaongeza kwamba jeni hiyo huenda imetoka kwa mama, na mdogo wangu huenda anayo vilevile. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha akasema yeye haitamzuia kuzaa, kwani ana X mbili, na moja nzima inamtosha.

Tuliporudi nilimweleza mdogo wangu yote, hata ule uongo.

"Nalijua," akasema. "Hukuniomba sodo hata siku moya."

"Mbona hukusema?"

"Dada, kula pweke kule nyuma hakuna raha."

Nililia kwa aibu. Nilikuwa nimekula Ramadhani bila udhuru, na siku zile zilinipasa toba na kuzilipa. Yeye alikuwa na zake saba za mwaka ule, hajazilipa.

"Basi tufunge pamoya," akasema.

Tukaanza Jumatatu. Ya tano nilipofuturu, mimi nilikuwa nimemaliza. Yeye alibakiwa na mbili, na hizo mbili nilimwonea wivu kuliko zote.