Awut, fundi wa intaneti Juba, anangoja kura ipite amfuate mwanawe

Ni saa tatu na robo asubuhi mtaani Hai Amarat, na Awut Gai yuko juu ya paa la mabati lililokwisha kuanza kuchoma viganja. Anauvuta waya wa antena kuona kama umekaza. Umekaza. Anashuka ngazi taratibu, huku akijipangusa vumbi.

Chini anamsubiri mwenye nyumba, Erina, Mganda anayepikia wafanyakazi wa mashirika. Hajaketi tangu alfajiri.

"Mama yangu iko Masaka, macho yake inazimika," anasema Erina. "Leo saa nne kaka yangu anamleta kwa intaneti. Anataka aone uso yangu kabla haijaisha kabisa."

Juma lililopita Erina alihama kampuni, maana ile ya zamani ilikuwa ikikatika kila wingu likipita. Mafundi wa kampuni mpya walifunga antena, wakachomeka waya kwenye ruta ileile ya zamani, wakaenda zao. Tangu siku hiyo Wi-Fi inaonekana imejaa tele, lakini hakuna kinachofunguka.

"Nilipiga simu. Wakasema kwao iko sawa, kalas, imeisha."

Awut, mwenye miaka ishirini na saba, ameyazoea maneno hayo. Anauchomoa waya kwenye ruta na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ukurasa unafunguka.

"Mtandao unafika hadi hapa, Anti," anamwambia Erina. "Shida ni ruta. Bado inaitafuta kampuni uliyoiacha."

Kwa ncha ya pini anabonyeza kitundu kilicho nyuma ya ruta hadi taa zinazimika, kisha anaandika upya maelezo ya kampuni mpya. Kompyuta yake inakubali. Ya Erina inakataa. Zimebaki dakika tano kufika saa nne.

Erina anaketi kitandani. "Basi. Labda Mungu hapendi."

"Ngoja kidogo, Anti."

Awut anafungua mipangilio ya kompyuta ya Erina. Fundi wa zamani aliandika humo, kwa mkono, anwani za kampuni yake. Anazifuta, anaiacha kompyuta ijitafutie yenyewe.

Saa nne na dakika sita, uso wa ajuza unatokea, unakatika, unarudi. Bibi anausogeza karibu mno, linabaki paji la uso tu. Kwa Kiganda anamwomba binti yake ageuke, amwone sikio, amwone na nywele. Erina anageuka. Awut anauchukua waya aliokwisha kuukunja, anaukunja tena.

Yeye pia ana mtu wa mbali. Alikimbia vita kutoka Bor na mama yake akiwa na miaka minane, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na baadaye Eldoret, alikosomea kompyuta. Mwaka 2008, mume wake akiwa ameshafariki, alirudi Juba kutafuta kazi, akamwacha binti yake Akon, wa miaka minne, kwa nyanya yake. Duka la ufundi karibu na soko la Konyo Konyo humlipa pauni mia nane za Sudan kwa mwezi. Nusu huenda Eldoret kwa ada na chakula.

"Mtoto huniita Awut," anasema. "Mama ni nyanya yake. Simlaumu. Anayekufunga viatu asubuhi ndiye mama."

Erina alipomaliza kufuta machozi siku ile, alimshika fundi mkono. "Jumapili ukuje hapa. Na wewe umuone wako."

Jumapili alikwenda. Nyanya alimpeleka Akon kwenye saibakafe ya mjini Eldoret, na kwa dakika nzima kilichoonekana ni kitambaa cha nyanya, mtoto akiwa amejificha nyuma yake. Kisha kichwa kikachungulia.

"Ni wewe wa simu?" Akon aliuliza.

"Ni mimi," Awut alijibu.

Amekwisha kupanga vyumba viwili mtaa wa Gudele na kupata shule iliyo karibu. Lakini nyanya hataki mtoto avuke mpaka kabla ya kura ya maoni ya Januari, ya kuamua kama Kusini itajitenga na Sudan.

"Mama aliniambia, 'Nilishakimbia na mtoto mara moja, sikimbii na mwingine,'" anasema Awut. "Sikubishana naye. Alinibeba hadi Kakuma miguu ikivuja damu."

Kwa hiyo anangoja. Ameshajiandikisha kupiga kura, na mwajiri wake amemkubalia likizo ya wiki mbili mwezi Februari. Mji ukiwa umetulia, atapanda basi la kwenda Nimule mpakani, apitie Kampala hadi Eldoret.

"Kuna dereva aliniambia anaweza kuniletea mtoto. Nilikataa," anasema. "Mtoto ameniona uso tu, tena umekatikakatika. Nataka asimame pale steji anione nikishuka, mzima, na miguu yangu."