Mama Aliyeikumbuka Kazi Yake

Jumapili, nikitoka kanisani, jirani alinishika mkono akaniambia kwamba yule mama mtangazaji wa redio, tuliyekuwa tukikaa naye Kibeta, amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tumemzika Nshamba, katika kibanja cha wazazi wake, mvua ikinyesha juu ya migomba.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti. Mimi nilimjua kwa ujirani. Binti yake alizaliwa na mtindio wa ubongo, hawezi kukaa wala kusema, na kwa ajili yake mama huyu aliacha kazi. Jioni moja nilimkuta uani akianika nguo huku akisoma habari kutoka kipande cha gazeti, kwa ile sauti yake ya redioni, msikilizaji wake akiwa mtoto peke yake juu ya mkeka. Aliponiona akanyamaza. “Naikumbuka kazi yangu,” aliniambia. “Lakini nikisema hivyo, watu wanasikia kwamba simtaki mwanangu.”

Hatimaye alirudi kazini. Mama mkwe, aliyeitwa kutoka Rubafu kuja kulea, hakupendezwa. “Mama wa mtoto kama huyu anakwenda wapi?” aliuliza. Mkwewe akajibu kwa upole, “Nakwenda kazini, mama. Jioni nitarudi.” Mchana wa siku hiyo nilipita kuwajulia hali. Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi, uji ameukataa. Bibi akafungua redio, na mama yake alikuwa akisoma matangazo. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa, akacheka. Bibi akachovya kijiko katika uji. “Basi aende,” akasema. “Mimi nitamlisha.” Tangu hapo alihamia Kibeta, akawa anarudi Rubafu msimu wa kuvuna kahawa tu.

Nimeikosa sauti ile. Bibi ananiambia kuwa redio ikifunguliwa, binti bado hugeuza kichwa, husubiri, kisha hulia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi kwa asiyeubeba. Ndiyo maana ni rahisi kwetu kumsifu mama kwa uvumilivu wake tukamwacha ndani, bila kumuuliza moyo wake unataka nini. Mama akisema anaikumbuka kazi yake, hajamkana mtoto. Anauliza ni nani atakayemshika mpaka jioni. Ampendaye na amjibu kwa kunyoosha mikono, ampokee mtoto.