Mume Wangu Ndiye Mdomo Wangu kwa Baba Mkwe

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri wa ukurasa huu alifiche jina langu. Hasira yangu asiifiche, maana ndiyo iliyoniandikisha.

Nina miaka ishirini na minane, ni mwalimu wa sekondari hapa Tunduma, nimeolewa na nina mtoto mmoja, Tumaini, anayeanza kusema sasa. Mume wangu ni karani katika ghala la ushirika. Yeye ni wa Mbozi, kwa wakulima wa kahawa. Mimi kwa upande wa mama ni wa Ivuna, na tangu nikiwa chuoni nimekuwa na hamu moja tu: kusoma anthropolojia, elimu ya mila na maisha ya watu, niandike juu ya wanawake wanaochemsha chumvi kule kwetu. Bibi yangu alizeekea kwenye ile mivuke, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

Vyuo viwili vimenikubali kwa shahada ya pili. Kimoja ni cha ng'ambo. Kina mwalimu anayejua mambo ya chumvi, na wamenipa masomo, malazi na nauli. Cha pili ni cha hapa nchini. Hapo mwalimu wangu wa zamani, mtu mwema kabisa, aliniambia wazi, "Dada, anthropolojia ni somo la wakoloni. Njoo uandike juu ya uzalishaji vijijini." Nampenda, na vijiji navipenda, lakini chumvi ya bibi yangu haimo humo. Kwa hiyo chuo nilichokitaka kilijulikana. Jibu linatakiwa kabla mwezi huu haujaisha.

Sasa niwaeleze mila ya ukoo wa mume wangu. Mke haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Akija mzee, mimi naingia jikoni na kujifunika khanga. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayeingia majanini. Neno langu kwake hupitia kwa mume wangu, na lake kwangu vivyo hivyo. Zamani lilipitia kwa mama mkwe, naye amefariki. Upo utaratibu wa kuufungua mwiko huo, kwa ng'ombe na wazee kukaa, ila anayeomba ufunguliwe ni mume. Wa kwangu kila mwaka anasema tusubiri mavuno.

Mnaweza kucheka, lakini chuoni niliandika insha juu ya mwiko huu huu. Nilisema unalinda heshima na kuzuia ugomvi ndani ya ukoo. Nilipata alama nzuri sana.

Baada ya majibu ya vyuo kufika, mume wangu alikwenda Mbozi kumweleza baba yake. Aliporudi alikaa kitini, akavua viatu polepole, akasema, "Mama Tumaini, mzee amekataa. Anasema mke wa mtu haendi ng'ambo. Ukitaka kusoma, soma hapa nchini." Nikamwambia amrudie, amweleze kwamba masomo yote yanalipiwa. Akaenda, akarudi na jibu lile lile. Nililia, kisha nikaanza kujilazimisha kukipenda chuo cha hapa. Yule mzee nilimchukia. Nilimpikia kwa chuki.

Jumapili iliyopita mzee akaja kutusalimia. Nilikuwa nimevuka mpaka asubuhi kutafuta sabuni na sukari kwa Wazambia, maana upande wetu maduka ni rafu tupu. Nikapika, nikapeleka chakula mpaka mlangoni, mume wangu akakipokea. Nikarudi jikoni. Ukuta wetu ni wa tofali moja.

Nikamsikia mzee anauliza, "Huyu mama Tumaini, mbona amekataa safari? Mimi nilikwisha waambia watu kwamba mkwe wangu anakwenda kusoma. Shangazi yako amekubali kumlea mtoto."

Mume wangu akajibu bila hata kukohoa, "Ndivyo alivyoamua mwenyewe, baba. Anasema cha hapa kinamtosha."

"Basi mwambie nimesikitika," mzee akasema.

Ndugu zangu, mwiko ulikuwa na thamani ya shilingi ngapi pale? Nilisimama na mwiko wa ugali mkononi, mita chache kutoka kwa mtu aliyenipigania. Mila niliyoisifia kwenye insha ilinibana pale pale jikoni, nikabaki nasikiliza ninavyosemewa uongo.

Mzee alipoondoka nilimwuliza mume wangu kwa nini. Badala ya kuona haya, alikuja juu. "Kumbe unasikiliza maongezi ya wanaume?" Nikamwambia nimesikia yote. Akatabasamu, akachukua kofia yake. "Haya, nenda kamwulize mwenyewe."

Anajua siwezi. Kuandika siwezi pia, kwa sababu mzee hasomi. Elimu ya watu wazima aliiacha macho yalipomsumbua, na barua zake husomewa na huyo huyo mwanawe. Shangazi naye hatanena kinyume cha mpwa wake. Nikimsemesha mzee uso kwa uso, ukoo mzima utasema sikufunzwa, na aibu itamfika mama yangu Ivuna. Huenda hata mzee mwenyewe akageuka. Nikinyamaza, chuo kitampa mwingine nafasi yangu, na mzee atakufa akijua nilikataa kwa hiari yangu.

Jumapili hii anakuja tena, anamletea Tumaini mbuzi. Nitapika kama kawaida, nao watakaa upande wa pili wa ukuta, na najua mume wangu ataulizwa tena habari zangu. Nishaurini, ninyi mlioolewa na ninyi mlio na wakwe: akianza kujibu, niendelee kusonga ugali, au nifungue ule mlango?