Pasi ya Maman Clémence

“Yaya Domi, mbona weye mwenyewe njo unafataka moto, na wanafunzi wako wanakaa tu?”

Plamedi alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, miguu ikining’inia kwenye benchi la atelye ya kushona nguo kule Mudzipela. Domitille, dada yake mkubwa, alikuwa ameshika pasi ya makaa iliyopoa. Alimtazama mtoto, akacheka kidogo, akatoka kwenda kuomba moto kwa jirani anayekaanga mandazi.

Ushonaji Domitille aliuanza miaka mingi nyuma, akiwa bado shuleni, darasa la mwisho la kukata na kushona, wakati kila mwanafunzi anatafutiwa mahali pa kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi kwa fundi. Wenzake walihangaika mji mzima. Yeye aliitwa na Maman Clémence, fundi aliyeimba naye kwaya moja kule Saio. Huyu atakuwa mtoto wangu, mama yule aliwaambia watu mbele ya kanisa, na akimaliza, mashini ya kushonea ya pale dirishani mwa atelye yangu ni yake. Ile mashini ilimnyima Domitille usingizi. Nyumbani aliigiza mlio wake kwa mdomo, mpaka kaka yake Vital akaanza kumwita Taktak.

Alijifunza mengi. Kupima mwili bila kumtekenya mteja, kushona shingo, kutia zipu isionekane. Jambo moja tu: kila Maman Clémence alipotandika kitambaa cha kikwembe na kushika makasi ili akate begani, pale mkono wa libaya, yaani blauzi, unapoingia, pasi ilikuwa imepoa. “Mama, kimbia ulete moto,” alimwambia kwa sauti tamu, maana hata msichana huitwa mama akipendwa. Domitille alikimbia. Akirudi na moshi machoni, anakuta bega limeshakatwa. Aliona ni upendo: anayetumwa ndiye anayeaminiwa. Wateja nao walianza kuuliza, yule mutoto iko wapi, maana shingo anazijua yeye.

Ikafika siku ya juri, mtihani wa mwisho mbele ya walimu na mafundi. Domitille alikata libaya yake peke yake, bega la mbele na la nyuma sawasawa kabisa, akajisifu kwa usawa ule. Rafiki yake Dorcas akaivaa. Mwalimu Zacharie akamwambia ainue mikono kama mtu wa kwaya. Kitambaa kikakaba kwapani, kifua kikajikunja, darasa likacheka.

“Mbele ya bega inachimbwa ndani zaidi kuliko nyuma,” mwalimu alisema. “Hilo hukuliona kwenye staji?”

Domitille akafungua mdomo aseme kwamba wakati wa kukata, yeye alikuwa ameenda kufuata... Akageuka. Maman Clémence alikuwa palepale kwenye kiti cha juri, amealikwa kama fundi aliyemfundisha, akijipepea na leso. Safari zote za moto zikamrudia kichwani, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa saa ya kukata bega.

“Mimi nilimufundisha yote,” Maman Clémence alisema polepole. “Mutoto iko na haraka tu.”

Siku ile hakuna aliyemtuma, lakini alitoka. Juma lililofuata kwenye mashini ya dirishani alikaa Aimée, mpwa wa Maman. Domitille alirudia mwaka, akajifunza bega kwa kufumua nguo za mtumba. Kwaya akaiacha.

Sasa Plamedi naye amefika darasa la staji, na amepangwa kwa dada yake. Juzi kikwembe kilitandikwa, pasi ikapoa, akasimama kuichukua. Domitille akamshika mkono, akamkalisha. Basi Plamedi akauliza tena lile swali la utotoni, na safari hii akajibiwa.

“Kwa sababu naonaka siku moja utafungua atelye ngambo ya barabara, na wateja wangu watavuka. Nikishika makasi tu, mudomo unataka kusema: mama, kimbia ulete moto. Maman Clémence alinitumaka vile, na miye nilikuwa namuita mama, Plamedi. Njo maana nafataka mwenyewe. Kaa. Nikirudi, utaangalia fasi makasi inaanzia kukata bega.”