Kaunta ya Winchi na Mzee Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa kontena na mtu aliyekuwa ameshapanda gari la kuondokea. Alikuwa Mhandisi wa Vipimo, mgeni kutoka ng'ambo, nami nilikuja kushika nafasi yake katika kambi ya utafiti wa dhahabu, porini upande wa Geita. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nikitokea kiwanda cha pamba Shinyanga. Aliniambia kupitia dirisha la gari kwamba kila kitu kinafanya kazi vizuri. Gari likaondoka, nikabaki na kontena langu.

Kazi kubwa ilikuwa kutunza vipimo vya winchi iliyoteremsha watu shimoni kwa ndoo ya chuma. Mwendeshaji hakuweza kuiona ndoo ikishazama, hivyo alitegemea namba za kina zilizowaka mbele yake. Namba hizo zilitoka kwenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo nzima ndani ya kipande kimoja cha plastiki chenye miguu ya chuma.

Ninyi vijana mnaisikia taima na kaunta mkidhani ni vitu viwili. Ndani ya kile kipande ni kitu kimoja: sakiti inayoongeza moja kila inapopata pigo. Ikipewa mapigo ya kristali ya ndani, ambayo hayabadiliki mwendo, inapima muda, nasi tunaiita taima. Ikipewa mapigo ya nje, inahesabu matukio, nasi tunaiita kaunta. Yetu ilipata pigo kila jino la gurudumu la kamba lilipopita mbele ya kihisi, kifaa kinachotambua kitu kikipita. Kaunta ilisema kamba imekwenda kiasi gani, taima ikasema kwa muda gani, na programu ikapata kina na mwendo wa ndoo.

Lakini sakiti hiyo ina ukomo. Ile ya biti nane, yaani nafasi nane za sifuri au moja, ikifika mia mbili hamsini na tano, pigo linalofuata linairudisha sifuri. Hapo hutoa ishara iitwayo kikatizo, na programu huacha ilichokuwa ikifanya, ikaongeza moja kwenye hesabu ya juu. Kwa hiyo namba kamili hukaa sehemu mbili, ya chini na ya juu.

Hayo yote sikuwa na wa kumwambia. Mameneja walikula kwao, vibarua walizungumza Kisukuma chao cha utani mezani, na mimi Mzigua nilitabasamu bila kuelewa. Mke wangu, ambaye ni Msukuma, alibaki na watoto wetu, Kulwa na wenzake, kijijini kwao Didia. Mtu aliyenitafuta ni mwendeshaji wa winchi, Mzee Masanja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na tangu siku hiyo tukala pamoja michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, mara nyingi kimya. Ukimya wake haukunielemea.

Asubuhi moja ndoo ilikuwa ikishuka na watu watatu. Masanja aliona namba zikiruka ghafla, zikionyesha ndoo imekaribia kabisa chini. Akavuta breki kwa nguvu zote. Ndoo ilisimama katikati ya shimo, ikajigonga ukutani, na kijana mmoja akavunjika mkono. Tulipokimbilia pale, namba zilikuwa sahihi.

Meneja wa Mitambo alizitazama, kisha akamtazama Masanja. "Kipimo kiko sawa," alisema. "Mzee, ulisinzia."

Masanja alisema aliyoyaona mara moja tu. Niliomba nipewe nafasi ya kupima. Meneja alisema hawezi kukabidhi roho za watu kwa mwendeshaji anayeota, na kabla ya jioni Masanja alikuwa ameachishwa kazi na kuondoka.

Nilifunga gurudumu dogo, kihisi na maikrokontrola yenye programu ileile ndani ya kontena, nikawa nalizungusha gurudumu kwa mkono kila nilipopata nafasi, macho kwenye namba. Wiki zilipita. Nilianza kujiona mjinga. Kisha, mchana mmoja, namba ziliruka mbele yangu na kurudi, kufumba na kufumbua.

Nikaelewa. Programu ilisoma sehemu ya chini kwanza, kisha ya juu. Kama kaunta ingejaa katikati ya usomaji huo, programu ingechukua sehemu ya chini ya zamani na ya juu mpya, na kina kingeonekana kikubwa kuliko kilivyo. Dawa yake ni kusoma juu, kisha chini, kisha juu tena. Zile mbili za juu zikitofautiana, unasoma upya.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. Aliagiza nirekebishe, na akakubali Masanja arudi.

Nilimkuta kijijini Mwakitolyo, kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, akiwa mweupe kwa vumbi la mawe. Nilimweleza kwa kokoto, rundo la mkono wa kushoto likiwa hesabu ya juu na la kulia ya chini. Alizihesabu mwenyewe, rundo moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo sikusinzia," alisema.

"Hukusinzia, mzee wangu."

"Nilikuwa nimeshaamini, Baba Kulwa. Hata mke wangu nilimwambia nilisinzia." Akapangusa macho kwa kiwiko. Kurudi alikataa. Alisema hataweza tena kukaa mbele ya zile namba, hata zisemeje. Tuliagana, nikarudi kambini kwa lori la mchanga.

Baadaye nilihamishwa kambi hadi kambi, chini ya Mhandisi Mkuu huyu na Msimamizi yule. Kila mahali nilipewa kontena. Vipimo vyangu vilifanya kazi, na kipimo kikifanya kazi hakuna anayekuja kukuona.

Nilipostaafu nilikwenda Didia. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Mke wangu alinipokea kwa heshima sana. Alinitengea kiti kizuri, akaniletea maji ya kunawa, kisha akaniuliza, kama anavyoulizwa mgeni, huwa napenda kula nini.