Tamthilia Niliyowanyima Wenzangu

Mimi, katekista wa Kagondo, ndiye niliyewalazimisha wanajumuiya kujinyima tamthilia ya saa moja jioni Kwaresima hii yote. Niliwaambia televisheni inatuozesha akili. Ya kwangu niliizima, rimoti nikaifungia kabatini.

Jumamosi tukasali kwangu. Baada ya sala jirani yetu Ma Koku akaanza ubishi: eti tamthilia inafundisha, humo ndimo alimojifunza kuishi na wakwe. Jamani, upuuzi huu nitauvumilia mpaka lini? Nikasimama, nikafoka.

"Inafundisha nini? Yule Doreen jana si amemtilia mama mkwe sumu kwenye chai, kichupa akakificha kwenye mkoba wa wifi yake? Hayo ndiyo mafundisho?"

Watu wote wananitazama. Ma Koku akasogeza kiti karibu.

"Mwalimu, na mama mkwe aliinywa?"

Mke wangu, aliyekuwa akitugawia chai, akaweka birika chini.

"Kumbe hiyo ndiyo kahawa unayokwenda kuikagua kwa kaka yako Kanazi kila jioni!"